Kamba ya Mama Ndani ya Mtungi

Moshi wa samadi kavu ya ng'ombe ukinifikia popote, hata leo nikipita Nyamasaria, ninarudi nyumbani kwetu karibu na Katito, kwenye kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Mama na wanawake wenzake walikuwa wafinyanzi. Walichimba udongo wenyewe, wakaukanyaga, wakaufinyanga, kisha wakachoma vyungu kwa samadi na nyasi. Kila mmoja alikuwa na kamba fupi aliyoisuka kwa nyasi, akaiviringisha juu ya udongo mbichi iache alama. Hakuna wawili waliosuka sawasawa, na sokoni aliyeiona alama hakuhitaji kuuliza chungu ni cha nani.

Kisha akaja Mwalimu, mtu wa kwetu aliyejua kuchora. Simnyimi haki yake: alibuni mitungi yenye shingo ndefu ambayo hatukuwahi kuiona, na wageni kutoka Kisumu wakasema ameanzisha sanaa mpya. Lakini aliwaagiza wanawake aliowalipa kuifinyanga walainishe udongo na kufuta alama za kamba, kwa kuwa zilichafua umbo, na chini ya kila mtungi akachora jina lake kwa msumari. Mwanamke mmoja aliyenung'unika aliambiwa akauze vyungu vyake mwenyewe kando ya barabara, na hakuitwa tena kazini. Mama alikuwa mjane. Sisi tulikula kwa udongo ule.

Kanisa likaagiza mtungi wa maji ya ubatizo. Mama ndiye aliyepewa kazi, na mimi nilikuwa miongoni mwa watoto wa kubatizwa. Alasiri moja nilimwona akiitazama njia, kisha akaiviringisha kamba yake ndani ya shingo ya mtungi, mahali ambapo jicho halifiki. "Nyathina, hujaona kitu," akaniambia, akiniita mwanangu kwa Kijaluo, na siri ikawa yetu sote wawili. Siku ya kuchoma sikuweza kula. Shingo iliyobonyezwa namna ile huwa nyembamba. Ingepasuka, Mwalimu angeokota vigae na kuiona alama ya kamba. Kila kishindo cha moto kilinishtua. Kwa rehema za Mungu mtungi ulitoka mzima.

Jumapili ile kasisi, ambaye mama yake pia alikuwa mfinyanzi wa Nyakach, alitumbukiza mkono kuchota maji, akasita. Niliona vidole vyake vikizunguka polepole ndani ya shingo ya mtungi. Mwalimu alikuwa benchi la mbele, shingo ameinyoosha. Kasisi akaniinamia pale nilipopiga magoti.

"Mtoto, mtungi huu umefinyangwa na nani?"

Mama alikuwa ametazama chini, ameukunja ukingo wa leso yake ndani ya ngumi.

"Mwalimu," nikasema.

Maji yakanimwagikia kichwani. Nyumbani mama hakunikemea. Alinikausha nywele kwa leso ile ile na kusema, "Umetulisha, nyathina." Sentensi hiyo ya mama nimeipeleka mbele za Mungu mara nyingi kuliko makosa yangu makubwa, naye amenivumilia.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisumu kwenye maonyesho ya kazi za Mwalimu. Yeye na mama wamepumzika zamani. Mtungi wetu wa ubatizo ulikuwa juu ya meza, kando yake kadi yenye jina la Mwalimu peke yake. Binti aliyekuwa akiangalia chumba alinijia mbio. "Dani, tafadhali usiguse," akasema, akiniita bibi kwa heshima, lakini mkono wangu ulikuwa umeshaingia. Nikamwomba atie wake. Alitazama mlangoni kwanza, kama mama alivyoitazama njia, kisha akautia.

"Kuna alama ya kitu kilichosukwa humu," akasema. "Ni cha nani?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo lirudi tangu nikiwa na miaka tisa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwogopa.

"Perez Aoko," nikasema. "Mama yangu. Mtungi wote ni kazi yake."

Akachukua kalamu na kuigeuza ile kadi, akaniomba nilitaje tena jina, polepole, asije akakosea.