Msichana wa Masaki Niliyemtunga

Nilipokuwa kidato cha tatu hapa Lushoto, nilifungua akaunti kwa jina lisilo langu. Humo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nasoma chuo, naishi Masaki, mtaa wa matajiri wa Dar. Nilivaa wigi la dada yangu nikajirekodi nikiwachambua wasanii kwa Kiswahili cha Dar nilichokiiga redioni. Shuleni walinicheka kwa lafudhi yangu ya Kishambaa. Mtandaoni hakuna aliyecheka. Sioni aibu kusema nilimpenda yule msichana. Yeye aliwajibu watu. Mimi nilizoea kuangalia chini.

Mwanamume mmoja akaanza kunisifia. Tulichati wiki kadhaa. Alinisikiliza kuliko mtu yeyote nyumbani, nami nikajisahau, nikamwambia tunakaa wapi na kwamba baba ni mzee wa kanisa. Siku nilipokataa kukutana naye, akabadilika.

"Jumamosi shuka Mombo, peke yako. Usipokuja, baba yako atazipata video na meseji zako zote."

Ijumaa mchana, tukiosha karoti za kupeleka sokoni, nikaona afadhali nichapwe na mama yangu kuliko kumtii mtu nisiyemjua.

"Mama, kuna mtu ananitisha kwenye simu."

Nikamwonyesha kila kitu, hata lile wigi. Alisoma taratibu, mikono ikichuruzika maji. Akatamka kwa Kishambaa neno ambalo mimi ningelitamka ningezabwa kofi. Kisha akabonyeza pa kurekodi sauti, amtumie yule mtu.

"Mimi ndiye mama yake. Huyu ni mwanafunzi, ana miaka kumi na sita. Video nimeziona. Huko Mombo nitakuja mimi, na polisi."

Yule mtu alitufungia hapo hapo, tusiweze kumwandikia tena.

Mama alimweleza baba, na Jumatatu baba alinipeleka polisi na zile meseji. Namba ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Hajapatikana mpaka leo. Tuliporudi nyumbani, baba akatoa hukumu.

"Futa kila kitu. Simu hutaigusa tena."

"Nisamehe, baba. Nilidanganya umri, na nikamweleza mgeni mambo ya nyumbani. Hilo kosa ni langu. Lakini aliyetisha watu ni yeye. Mbona anayenyamazishwa ni mimi?"

Sikuwa nimewahi kumjibu baba hivyo. Mama aliendelea kumenya viazi, hakunitetea wala hakunikemea. Simu ikafungiwa kabatini hadi nilipomaliza kidato cha nne. Siku ya kunirudishia, baba alisema tu, "Mtu akikusumbua, niambie mimi kwanza."

Nilifungua akaunti nyingine, safari hii bila wigi, kwa lafudhi ile ile waliyoicheka, nusu Kiswahili, nusu Kishambaa. Kijiji changu sikitaji, na anayeomba tukutane namwondoa. Wapo wanaoniandikia kwamba mshamba kama mimi arudi shambani. Nawajibu kwamba nipo shambani sasa hivi, na kwamba video ya kesho nitairekodia hapa hapa.