Daraja Jembamba Kama Unywele

Juzi nilisoma kwamba Wazoroasta, Waajemi wa kale, walisimulia daraja la hukumu kabla Uislamu haujakuja. Nikakumbuka alasiri moja Kitengela, nikiwa mtoto. Jirani yetu Mama Halima alikuwa ametuambia kuna daraja jembamba kama unywele, na mwenye dhambi huanguka motoni. Siku hiyo mto ulikuwa unanguruma, unanuka matope na samadi. Mama yangu alitangulia kuvuka juu ya ubao, mdogo wangu akiwa mgongoni. Ubao ukabaki ukitikisika mbele yangu.

"Vuka! Maji yanapanda!"

Nilidhani ndilo daraja lile. "Mama, ni mimi nilikula sukari!"

"Sukari gani? Njoo!"

Nilivuka nikilia. Aliponishika, alinibana mkono hadi ukauma. Nilidhani ni hasira. Leo niko na binti, najua ilikuwa hofu.