Msiba wa ng'ombe yetu

Asubuhi ya mtihani wa hesabu, nilimwendea mwalimu Lukas, mvolontari aliyetoka Ulaya kujitolea kutufundisha hapa Mushaki, nikavaa sura ya msiba.

"Mwalimu, ng'ombe yetu ilikufa. Huku kwetu iko sawa na kufiwa na muntu. Lazima nibaki nyumbani."

Maskini, machozi yakamlengalenga! Akaniruhusu. Nikarudi kulala, nikijiita fundi wa akili.

Kumbe Lukas alishajifunza desturi zetu vizuri kuliko mimi: hapa hakuna anayelia peke yake. Mchana nikasikia nyimbo za kanisa uani. Nikachungulia. Lukas yuko mbele, darasa zima nyuma yake, huyu na maharage, yule na kuni kichwani. Wenzangu wanajiuma midomo wasicheke, washenzi hao!

"Pole sana, Papa," Lukas akamwambia baba yangu.

"Pole ya nini, mwanangu?"

"Ya ng'ombe."

Papa akageuka, akamtazama ng'ombe wetu wa pekee, anatafuna majani bila wasiwasi. Kisha akaniita nje, mbele ya wote.

"Leta ndoo," akasema. "Kamua marehemu, wageni wako wapate kunywa."