Mpishi Asiye na Bunduki

Katika banda umiza, kibanda cha kuonyeshea muvi, la mama mmoja pale Karatu, mimi ndiye nilikuwa mtu wa maiki. Muvi ikiwekwa, nakaa juu ya kreti la soda pembeni ya televisheni na kuwaambia watu kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwa Kiingereza. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya cheti changu cha kidato cha nne, nilichokisotea kwa masomo ya jioni, katika darasa ambalo hata mbu wake walihitimu wakijua nyakati zote za vitenzi. Watu waliniita Ticha. Nilipopita sokoni, mapapai yaligeuka kunitazama.

Muvi iliyonipa jina kuliko zote ilikuwa ya vita. Mpishi wa jeshi anaachwa nyuma katika mji uliotekwa na adui, anatafuta njia ya kutoroka. Sasa ile muvi ina kasoro moja: mpishi haongei. Robo saa nzima amejificha kwenye chumba cha mashine ya kusaga, anapumua tu. Mtu wa maiki ukinyamaza robo saa, watu wanadhani umeme umekatika au wewe umekata roho. Kwa hiyo nikamsaidia. Nikasema huyu si mpishi, ni komando aliyejifanya mpishi. Bomu likilia mbali, nasema alilitega jana. Skrini ikiwa giza, natangaza maiti: "Wa kumi na saba huyo, chali!" Benchi zilivunjika kwa shangwe. Wakulima kutoka Qurus waliirudia muvi ile mara nyingi hadi wakawa wananikosoa nikipunguza maiti.

Ndipo mama mwenye banda akaleta gemu ya muvi hiyo. Aliikuta kwa fundi mmoja huko Arusha, jaladani picha ya mpishi yuleyule, akainunua bila kuuliza. Akaizindua siku ya mnada, mchana, banda likiwa limejaa hadi watu wamekalia magoti ya watu wasiowajua.

"Ticha, maandishi yote unasoma wewe," aliniambia. "Watu wamemfuata komando wako."

Wa kwanza kushika padi ya kuchezea alikuwa mkulima kijana wa Qurus, shabiki wangu namba moja. Mpishi akatokea kwenye skrini, amechuchumaa nyuma ya magunia. Maneno ya Kiingereza yakajitokeza chini. Sijawahi kuelewa Kiingereza haraka kiasi kile: huna silaha, usionekane, ukionekana umekufa.

Banda zima likanigeukia.

"Imeandikwa nini, Ticha?"

Jasho lililonitoka lingetosha kumwagilia shamba la vitunguu. Mlangoni alikuwa ameegemea dereva wa utalii, akisubiri wageni wake wamalize kuchagua vinyago duka la jirani. Mtu anayekula Kiingereza asubuhi na kukilalia usiku. Alikuwa anaisoma skrini mwenyewe, midomo ikicheza.

"Imeandikwa... vamia!" nikasema.

Kijana akavamia. Hatua tatu, risasi mbili, mpishi chini.

"Bonyeza cha bunduki, mwanangu!"

"Nimebonyeza vyote! Anachuchumaa tu!"

"Gemu feki hii. Steringi gani anajificha nyuma ya magunia?"

Akafa mara tisa. Kila akifa, maneno yalirudi yaleyale, na kila nikiulizwa nilitafuta uongo mpya: pita mlango mkubwa, wapigie kelele, wakimbilie. Mama akaja polepole, akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, watu wanasema nimeleta gemu mbovu. Mimi naona anakufa kila ukisoma. Akifa tena kwa kusoma kwako, maiki nampa mwingine."

Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza.

Kijana wa Qurus akaibwaga padi kwenye benchi. Ikaokotwa na mfugaji mmoja wa Endulen, mtu mzima, fimbo katikati ya magoti, ambaye mbuzi wake walishapata mnunuzi na hakuwa na haraka. Muvi ile hakuwahi kuiona. Alishika padi na hakubonyeza chochote.

"Mzee, cheza basi!"

"Amelala huyo, jua limempiga."

"Nyamazeni," mfugaji akasema. "Yule askari ana njia yake. Anafika kisimani, anageuka. Nyati naye ni hivyo. Akikutazama, wewe kuwa kisiki."

Akasubiri. Askari akageuka. Mpishi akatambaa hadi ukutani. Hakuna aliyeshangilia; kwa mara ya kwanza tangu banda lile lijengwe, nilisikia feni ya mashine ya gemu ikizunguka. Maneno mapya yakajitokeza, na pembeni ya skrini ukaanza kuonekana mwanga wa kurunzi ya doria.

"Ticha, hapo wanasema nini?" mfugaji akauliza bila kugeuka. "Upesi, ndugu yangu. Taa inakuja."

Nikatazama mlangoni. Dereva alikuwa ameshafungua mdomo. Nisiposema mimi, atasema yeye. Na nikisema, kila aliyewahi kuiona muvi kwa mdomo wangu atajua.

"Hana bunduki," nikasema kwenye maiki. "Hajawahi kuwa nayo. Shikilia kitufe cha kushoto azuie pumzi. Usisogee hata kidogo."

Taa ikapita juu ya kofia ya mpishi. Ikarudi. Ikatulia hapohapo. Watu mia waliacha kupumua, na baadhi nadhani hadi leo hawajaanza tena. Kisha ikaondoka.

Kijana wa Qurus akapanda juu ya benchi. "Ngoja kwanza. Hajawahi kuwa nayo? Na wale kumi na saba?"

"Niliwaua mimi," nikasema. "Kwa mdomo."

Banda likapasuka.

"Kumbe tulikuwa tunaangalia muvi yako!"

"Bora hiyo yake! Hii ni gemu ya waoga, mimi natoka."

"Toka, wenzako tunatambaa!"

"Kiingereza anakijua," dereva akasema kutoka mlangoni. "Kinachomponza ni hilo domo."

Mama akachomoa waya wa maiki, akauviringisha mkononi taratibu, bila kunitazama. Kinyozi wa jirani ndiye aliyeipata maiki ile, na mwaka mzima sikuigusa. Lakini siku ile nusu ya watu walikuwa wameshatoka, nusu wamesogea mbele, na mfugaji alikuwa bado ndani ya mji wa adui.

"Na hapa je?" akauliza.

Nikaliacha kreti, nikachuchumaa karibu na sikio lake. "Wako wawili nyuma ya mlango. Imeandikwa sikiliza kwanza."

"Tusikie na sisi!" wa nyuma wakalalamika.

"Sema kwa koo lako mwenyewe," mama akaniambia, waya mkononi. "Na usiongeze."

Nikasoma. Hata ningetaka kuongeza nisingepata nafasi. Askari wa pili alikuwa ameshashika kitasa.