Maji Hayakupanda

Mfereji mkavu haunyamazi: hukohoa, hupiga chafya, kisha huvuta pumzi kama mgonjwa. Nimekana kwa zaidi ya miaka thelathini, sasa nakiri: mimi ndiye niliyeufunga. Tuliishi orofa ya tatu katika mtaa mmoja wa Eastlands, na mwaka ule maji yalikuja yalipopenda. Desturi ilikuwa kuacha mfereji wazi, karai chini yake, na mtoto wa kulinda. Mama, kiongozi wa maombi ya jumuiya, alikuwa ameomba mbele ya majirani wote kwamba maji yaje Jumamosi. Jumamosi ikafika, akaenda kanisani, akaniacha na karai. Kikohozi kile kikanikera, nikafunga mfereji, nikashuka kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

Maji yalikuja. Niliwasikia akina mama wakipiga kelele, "Maji! Maji!" lakini ilikuwa zamu yangu kukwepa mpira, na hakuna aliyekuwa amenigusa. Nilipopanda, yalikuwa yamekwisha. Nikaufungua mfereji tena, na Mama aliporudi nikamwambia, "Hayakupanda." Mama Otieno wa orofa ya chini, ndoo zake zimejaa pomoni, akacheka ngazini: "Mama Mutheu, huyo Mungu wako anaogopa ngazi?" Alitugawia ndoo mbili, lakini Mama hakucheka. Tangu siku hiyo hakuongoza maombi tena. Aliketi nyuma, midomo ameifumba. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika hadi ng'ambo.

Huku mfereji haukohoi hata siku moja. Nami, msomi niliyewachosha wenzangu kwa hoja za kumkana Mungu, kila asubuhi nikijaza birika hujisikia nikisema, "Asante, Baba." Nikiliwahi basi, asante. Funguo zikionekana, asante. Inaniudhi! Imani niliyomnyang'anya mama yangu imenijia mimi, jikoni, bila kualikwa, naye yuko kule nyumbani bado amenuna. Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikampigia, nikamweleza yote.

Nikamsikia akivuta kiti.

"Kwa hiyo yalipanda?"

"Yangepanda, Mama. Mimi ndiye niliyefunga."

"Mutheu, wewe! Miaka yote hii nimemnunia Mungu, kumbe ni wewe!" Akasonya, sonyo refu la kuvuka bahari. "Hebu kata simu, nimwombe radhi. Wewe utangoja."