Nilikwenda Geita Kumsindikiza Wifi

Safari hii sikuianza kwa ajili yangu. Wifi yangu Kabula, dada wa mume wangu, alikuwa akitokwa damu kila alipolala na mumewe. Tulianika dagaa pamoja pale kwetu Nkome, kando ya ziwa, miezi mingi, asiseme. Siku aliponiambia, nilimsihi twende Geita mjini akapimwe mlango wa kizazi. Alikubali, ila na mimi nipimwe, asiwe peke yake.

Asubuhi tulipanda gari la kwanza. Wifi alikaa dirishani, akirudia swali lilelile.

"Wakinikuta na saratani, watanitoa kizazi?"

"Sijui, wifi. Tufike kwanza."

Tulipoanza kupita makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, alinishika mkono, maana mji ulikuwa karibu.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi kijana. "Shikamooni, mama zangu." Alitueleza kwamba wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, na penye shida panageuka peupe. "Nani anaanza?"

Wifi akanisukuma mimi. Nilipanda kitandani bila hofu yoyote juu yangu. Sikuwa na maumivu wala damu. Muuguzi alipaka, akasubiri, akainama kuangalia tena.

"Mama, kuna weupe hapa. Haionekani kuwa saratani. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kufika huko. Tunaweza kuyachoma kwa joto leo hii."

"Lakini mimi siumwi."

"Ndiyo wakati mzuri wa kuyakuta, mama."

Nilichomwa palepale. Maumivu yalikuwa kama ya hedhi, yakapita. Nikaambiwa nisikutane na mume wangu kwa wiki kadhaa na nirudi kuangaliwa baada ya mwaka.

Ikawa zamu ya wifi. Safari hii muuguzi hakukawia. Alitoka kumwita daktari. Wakamkata kinyama kidogo cha kupima, wakasema aende hospitali ya rufaa Mwanza.

Jioni tukirudi, wifi aliniegemea begani. "Mimi ndiye mgonjwa, lakini wewe ndiye uliyetibiwa," alisema, bila kinyongo. Nilikuwa nikiwaza nitakavyomweleza mume wangu habari za dada yake, kisha zangu.

Nyumbani, nilipomwambia mume wangu kwamba tusikutane kwa wiki hizo, kwanza alidhani nimemkataa. Nilimweleza taratibu mpaka akakaa chini kunisikiliza. Ndiye aliyempeleka wifi Mwanza. Majibu ya kile kinyama yalionyesha saratani. Sasa anatibiwa kwa mionzi, na madaktari hawajatuahidi kitu.

Nami nimewaambia wenzangu wa kuanika dagaa: ugonjwa huu unaanza kimya, na damu ya wifi ilikuja ugonjwa ukiwa umekwisha kukaa mwilini muda mrefu. Mwaka ukizunguka nitarudi Geita, nikiwa mzima wa kutembea, kuliko kungoja damu ndiyo inipeleke.