Jina Langu Kwenye Mashine

Ijumaa hoteli moja ya Malaba ilileta mashine mpya ya ule mchezo wa Kijapani wa kupiga risasi maadui wa angani. Ile ya kwanza ilihesabu pointi tu. Hii, ukiwapita wenzako wote, inataka uandike jina, nalo linabaki kwenye kioo wote walione.

Dereva wa lori aliyekuwa akingoja karatasi za forodha aliwapita wote, kisha akatia mikono mfukoni. "Boss, hapa mpakani mimi siandiki jina mahali sijui nani atasoma."

Nilimcheka mpaka chai ikanimwagikia. Nikacheza, nikampita, nikaandika langu lote.

Nilipoondoka, mhariri wangu akaingia kula. Ofisini nilikuwa nimeaga kwamba naenda matanga kijijini Khunyangu.

Jumatatu alinipa pole, mkono kifuani. "Na marehemu," akauliza, "alipata pointi ngapi?"